Usizime Akiwa Hewani

Mtoto wa mdogo wangu tulimwita Kishindo, na hakuna mgeni aliyehitaji kuuliza sababu. Alikuwa hajui kukanyaga, alijua kutua. Akishuka ngazi, vikombe kabatini viliitikia. Mama yake ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na mara nyingi nilimkuta amesimamisha mashine, akingoja mtoto apite ndipo aendelee na mshono. "Dada," aliniambia, "huyu nilimzaa, au nilishusha gunia la saruji la baba yake?" Baba mtu, ambaye ni mwashi, alijibu bila kuinua kichwa kwamba saruji ina adabu, ikishakauka haiombi chai.

Haya yalimpata mtoto huyo. Mengine alinieleza mdogo wangu, mengine niliyaona mwenyewe, maana wakati ule nilikuwa nikipita kwao kila nikitoka kufundisha. Nitayasema kwa mpangilio, polepole, kama ninavyowasomea watoto darasani. Tofauti ni kwamba watoto huwa nina neno la kuwapa mwishoni ili waende nyumbani wametulia.

Yalianza mchana wa kawaida tu. Kishindo alipanda ukuta wa jirani akiwa na mwavuli, akaruka ili aone kama utambeba. Haukumbeba. Alirudi kutoka hospitali na plasta nzito nyeupe, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi pajani, pamoja na amri ya daktari: hakuna kuruka.

Mtoto wa kuruka ukimkalisha kitako anageuka kesi. Haikupita wiki, nyumba nzima ilikuwa inashtakiwa. Ndipo shemeji yangu akaenda kwa Mzee Antena.

Mzee Antena alikuwa fundi wa televisheni pale kwenye kona. Chumba chake cha mbele kilijaa watoto kila alasiri, wakicheza gemu za zamani, zile za kaseti, kwenye televisheni za kichogo alizozifufua mwenyewe. Chini ya meza aliweka betri kubwa ya gari, ili umeme ukikatika michezo isikatike. Sisi wazazi tulidhani anawajali wateja.

Alikubali kuazima gemu moja na televisheni ndogo. Lakini alipomkabidhi shemeji, alimshika mkono.

"Ndani yake kuna springi nyekundu," alisema. "Mtoto acheze, aruke, afurahi. Ila msizime akiwa hewani. Ashuke kwanza, akanyage, ndipo mzime."

Shemeji alicheka. "Kwani nikizima ataanguka aumie, mzee wangu?"

Mzee Antena hakucheka. "Akianguka ni heri," alisema.

Shemeji alilileta neno hilo nyumbani kama kichekesho, na mdogo wangu akalipokea kama kichekesho. Kila mchezo wa watoto una masharti yake. Ukikanyaga mstari umeungua. Ukihesabu huku umefumbua macho, si halali. Nani mtu mzima anayeyashika?

Gemu yenyewe ilikuwa rahisi. Kulikuwa na kijitu chenye kofia ya njano, kinachokimbia na kuruka mashimo na kuta. Chini yake kilifuatwa na kivuli kidogo cha duara, ili mchezaji ajue kitatua wapi. Hapa na pale palikuwa na springi, zimejikunja kama nyoka aliyelala. Kijitu kikisimama juu ya springi, inabonyea. Ukibonyeza kitufe palepale, inakirusha juu mara tatu ya urefu wa kawaida. Nyingi zilikirusha hadi kwenye kibaraza cha juu. Ile nyekundu, ya mwisho, haikuwa na kibaraza. Ilikirusha kikatoka kabisa juu ya kioo. Unabaki unatazama springi inavyotikisika na kivuli kikingoja chini, peke yake. Kisha kijitu kinarudi, pu, kinatua.

Kishindo aliupenda ule wakati wa kungoja kuliko mchezo wote.

"Mama mkubwa," aliniuliza siku moja, "akiwa kule juu anaona nini?"

"Labda anaona vumbi. Mama yako hajafuta televisheni tangu ije."

Hakucheka. "Siku nyingine anachelewa," alisema.

Sasa, ile sebule ilikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, na hiyo moja ilikuwa na kazi nyingi: cherehani, pasi, na sasa televisheni. Alasiri moja mteja alikuja kuchukua sketi yake. Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi na alishachelewa. Sketi ilikuwa tayari, ila haijapigwa pasi. Mteja alisimama mlangoni, anahema kama aliyefukuzwa.

"Zima hiyo," mdogo wangu alisema.

"Mama subiri, yuko juu."

"Kishindo, mteja amesimama!"

"Mama, hajashuka, ngoja—"

Akachomoa plagi.

Mnazijua zile televisheni za zamani. Ukizizima, picha inajikusanya katikati kuwa nukta moja nyeupe, na nukta inafifia. Mdogo wangu anasema aliiona nukta ile. Haikufifia. Ilipanda. Ilipanda taratibu hadi ukingo wa juu wa kioo, ikatoka.

Alipiga pasi sketi. Mteja akashukuru, akaondoka mbio. Pasi ilipopoa alirudisha plagi ya televisheni, gemu ikawaka, kijitu kikawa kimesimama mwanzo kabisa wa mchezo, kinapepesa macho. Mtoto hakugusa pedi ya kuchezea.

"Cheza basi, umeshinda unalia."

"Huyo si wangu," Kishindo alisema. "Wangu bado yuko juu."

Nilianza kuona mambo mimi mwenyewe siku zilizofuata. La kwanza lilikuwa la mapajani. Nilizoea kumpakata nikimsomea hadithi, na kila mara nilisimama miguu imekufa ganzi. Siku hiyo nilisoma hadithi mbili. Niliposimama, miguu ilikuwa mizima. Nilimwambia mdogo wangu, "Mtoto anapungua huyu, anakula?" Akasema anakula, tena anapakua mara mbili. Basi tukasema ni maumivu. Mtoto akiumwa hupungua. Ni maneno ya kawaida, na tuliyashika kwa mikono miwili.

La pili lilikuwa magongo. Alipewa magongo ya mbao yenye mpira chini, na mwanzo alikuwa akiyagonga sakafuni kama mtu anayeponda mahindi. Sasa yalikuwa kimya. Nilitazama. Mguu wenye plasta ndio uliogusa sakafu. Ule mzima ulikuwa unaning'inia, vidole vikielekea chini, na kati ya vidole na sakafu palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

La tatu ndilo lililonitoa machozi. Tulikuwa kibarazani saa sita, jua utosini. Saa kama hiyo kivuli cha mtu kinajikunja miguuni pake kama paka. Changu kilikuwa pale. Cha mdogo wangu kilikuwa pale. Cha Kishindo kilikuwa hatua moja pembeni yake, peke yake, cha duara, kama kivuli cha ndege anayepita.

Hakikuwa kinapita.

"Dada," mdogo wangu alininong'oneza, "usiseme kitu."

Sikusema. Tulinyanyuka, tukamshika huku na huku, tukampeleka kwa Mzee Antena. Televisheni na gemu shemeji alivibeba kifuani.

Mzee Antena alikuwa akilehemu nyaya. Aliinua macho, akamtazama mtoto, akatazama sakafu chini ya mtoto.

"Alikuwa wapi mlipozima?"

Akajibu Kishindo mwenyewe. "Hewani, babu."

Mzee aliweka chini chuma cha kulehemu. Hakukiweka kwenye kishikio chake. Alikiweka juu ya meza tupu, mbao ikaanza kutoa moshi, naye hakuona.

Aliwafukuza watoto wengine, akaunganisha gemu kwenye televisheni yake kubwa, akacheza mwenyewe. Vidole vyake vilijua kila shimo. Alifika kwenye springi nyekundu upesi. Kijitu kilisimama juu yake, ikabonyea, kikaruka, kikatoka juu ya kioo. Tukangoja. Kikarudi, pu, kikatua.

"Amerudi!" mdogo wangu alisema, akapiga kofi moja. Akamgeukia mtoto. "Si umeona? Amerudi!"

"Tazama chini, Mama," Kishindo alisema.

Kijitu kilikuwa kimesimama kando ya springi, na kivuli chake chini yake. Upande wa pili wa springi kulikuwa na kivuli kingine. Hakikuwa na mwenyewe. Mzee Antena alikisogeza kijitu kulia, kushoto. Kivuli kile kingine kilibaki palepale. Kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Tulipokuwa tukitazama, kikapungua tena kidogo.

"Mzee wangu," shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "anashushwaje?"

Mzee Antena aliweka pedi chini. "Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. Tulingoja amalizie. Hakumalizia. Badala yake aliuliza, "Hiyo plasta inatoka lini?"

"Wiki ijayo."

"Isitoke."

"Lakini daktari..."

"Mama, isitoke," mzee alirudia.

Na tungemsikiliza, Mungu anajua. Tulikubaliana njia nzima ya kurudi. Mtoto atakaa na plasta mwaka mzima ikibidi, atakaa nayo hadi aolewe, shemeji alisema, na tukajaribu kucheka. Lakini kabla ya wiki kuisha vidole vya mguu ule vilianza kuvimba. Vikawa vyekundu, kisha vya zambarau, na ndani ya plasta kukatoka harufu. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Daktari alivitazama mara moja tu.

"Leo hii hii," alisema. "Mnataka kuuokoa mguu au hamtaki?"

Ungemjibu nini? Hakuna maneno ya jambo lile katika chumba cha daktari, chenye meza safi na kalenda ukutani. Tuliomba saa moja tu. Shemeji alikimbia nyumbani, akarudi na gari la tajiri wake na begi la mgongoni lililojaa matofali. Tulimvika mtoto kifuani, mikanda tukaipishanisha mgongoni. Shemeji akamvalisha na mkanda wake wa kazi, pamoja na nyundo, patasi na timazi.

Mhudumu wa chumba cha plasta alitutazama tukiingia, akasimama na msumeno mkononi. "Jamani. Mmemleta mtoto kutibiwa, au mnahamia humu?"

"Kata tu, kaka," mdogo wangu alisema.

Kabla msumeno haujawaka, Kishindo alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Mama mkubwa, kile kijitu hakinivuti, usiogope. Ni kwamba sisi wawili bado tunaruka."

Nimezoea kuwatuliza watoto. Ni kazi yangu, na nina maneno yangu ya kila hofu: ya giza, ya sindano, ya mtihani. Niliyatafuta yote. Nilimpapasa kichwa tu. Nywele zake, zile nyuzi fupi za utosini, zilikuwa zimesimama wima.

Msumeno ukalia. Plasta ikapasuka pande mbili, ikaanguka sakafuni kwa sauti nzito.

Mtoto alibaki kitandani.

Shemeji alijifuta uso kwa mkono wa shati. Mdogo wangu alianza kucheka na kulia pamoja. Mhudumu alisafisha mguu, akaufunga bandeji, akatuambia tumrudishe keshokutwa. Sasa kilichobaki kilikuwa kumfikisha nyumbani, chini ya dari. Shemeji alikwenda kulisogeza gari hadi mlangoni kabisa. Kati ya paa la korido na mlango wa gari palikuwa na mahali pa wazi, pa upana wa chumba kidogo. Jua lilikuwa limejaa pale.

Mdogo wangu alimbeba. Mimi nilishika mikanda ya begi kwa nyuma. Tukatoka.

Nilihisi begi likiwa jepesi.

Nilidhani mkanda umekatika. Nikatazama chini nione matofali yameangukia wapi. Hayakuwa chini. Begi lilikuwa limejaa vilevile, na lilikuwa linapanda. Mikono yangu ilikuwa inapanda nalo. Nililivuta. Ilikuwa kama kuvuta mti. Kitambaa kikateleza vidoleni mwangu, kikatoka.

"Shika!" nilisema. Nadhani nilisema. Labda nilinong'ona.

Mdogo wangu alikuwa amemkumbatia kiunoni. Mtoto akateleza, kiuno, mapaja, magoti. Nyundo ya baba yake ilining'inia kuelekea juu. Mama akaachia mguu wenye bandeji kwa kuogopa kuuumiza. Hebu fikiri. Wakati ule, aliogopa kuuumiza. Kishindo akageuka, akanyoosha mkono chini, akamshika mama yake kifundo cha mkono, akakikaza.

Wakabaki hivyo, mmoja chini, mmoja juu, wameshikana. Shemeji alikuwa ameshuka garini anakimbia. Kivuli cha mtoto kilikuwa kwenye saruji, cha duara, kidogo.

"Usiniachie," mdogo wangu alisema. "Nimekushika. Baba anakuja. Usiniachie."

Kishindo alikuwa akitazama chini. Hakuwa akimtazama mama yake usoni.

"Mama," alisema, "miguu yako."

Nikatazama. Viatu vya mdogo wangu vilikuwa vimebaki chini, viwili, sambamba, kama vya mtu aliyeingia msikitini. Nyayo zake zilikuwa hewani, juu ya viatu. Nilimkumbatia magoti, shemeji akafika akanikumbatia mimi, na sote watatu tuliuhisi mvuto ule. Haukuwa na nguvu za ghafla. Ulikuwa mpole. Haukuwa na haraka.

Mtoto alitutazama mmoja mmoja. Kisha akafungua vidole.

Tulianguka chini sote, mmoja juu ya mwingine. Nilipoinua kichwa alikuwa juu ya paa la korido. Halafu juu ya mti wa uani. Hakupiga kelele. Mdogo wangu aliita jina lake la kweli, lile ambalo hatukulitumia kamwe, mara nyingi, mara nyingi sana. Kivuli kilibaki kwenye saruji muda kidogo. Kikawa kama sarafu. Kikawa kama punje. Nikakiwekea kiganja, sijui kwa nini. Nilipoondoa kiganja hakikuwepo.

Watu waliuliza, nasi tulijibu kadiri tulivyoweza. Mlinzi wa geti aliapa kwamba aliona puto. Mzee Antena alifunga duka, na jirani anasema aliondoka na mfuko mmoja tu na ile betri. Shemeji alitembea miezi akitazama paa za watu. Mwashi anajua kupanda. Alipanda kila jengo lililomruhusu, akakaa juu, akashuka. Siku hizi hapandi tena. Anajenga uzio tu.

Mdogo wangu anashona bado. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia zilibaki alama za vidole vinne na gumba, nyekundu, pale mtoto alipomshika. Daktari alisema ni damu iliyovilia, zitaondoka. Hazikuondoka. Tulizoea, kama unavyozoea kovu. Anavaa mikono mirefu.

Jana alikunja mkono wa blauzi kuosha vyombo, nikauona vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nimewashika watoto mikono maisha yangu yote, nikiwafundisha kuandika. Ninaujua mkono wa mtoto wa darasa la pili, mfupi, mnene, wenye gumba kama kokwa. Ndio uliomshika mama yake siku ile.

Alama zile si za mkono huo tena. Zimerefuka. Vidole vimekuwa vyembamba, vya msichana mkubwa, na vinakizunguka kifundo chote hadi vinakutana upande wa pili.

Mdogo wangu aliona ninavyotazama. Akashusha mkono wa blauzi, akaufunga kifungo.

"Najua, dada," alisema, na akaendelea kuosha.